Vitabu Vinapumzika

"Nani amegusa haya maboksi?"

Mzee Rangi alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti kifupi, anavua viatu. Hakuinua kichwa. Katika nyumba yenye mume na mke peke yao, swali la namna hiyo si swali bali ni hukumu.

"Nakuuliza wewe, baba."

"Nilikuwa natafuta koleo langu."

"Ukayagusa."

"Niliyasogeza. Koleo halina miguu, mama. Lingekuwa nayo lingenifuata mlangoni."

Kutoka chumba cha nyuma ikasikika pumzi ndefu, kisha mkwaruzo wa chaki. Mkewe alikuwa anafuta tarehe ubavuni mwa boksi la kwanza na kuandika ya leo. Akaenda la pili, la tatu, akaufuata ukuta mzima, na kila tarehe aliyoandika aliisindikiza kwa mguno.

"Sasa unafuta yote ya nini? Mimi nimegusa mawili."

"Yapi?"

Mzee Rangi alifikiri. "Ya huku."

"Huku wapi?"

"Huku mkono ulikofika."

"Basi ni yote," alisema mkewe, na chaki ikaendelea.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa chuo tangu ugonjwa ulipoingia. Kila mwaka maktaba ya chuo iliuza vitabu vikuukuu vilivyotolewa na watu, na kilichopatikana kililipia taa na mlinzi, ili wanafunzi wa jioni, wale wanaoshinda kazini mchana kutwa, wapate mahali pa kukaa na kusoma. Mauzo yalisimamiwa na watu wa kujitolea. Katibu wao alikuwa mke wa Mzee Rangi, aliyefanya kazi humo humo maktabani hadi alipostaafu, na mtaa mzima ulimwita Bi Katibu. Mwaka huu mkutubi mkuu alitoa agizo: kitabu kikishapokelewa kipumzike siku tatu pasipo kuguswa na mkono wa mtu, ndipo kiuzwe. Kikiguswa, hata kwa kidole, siku zinaanza upya. Na kwa kuwa hakutaka vitabu vilivyotoka kusikojulikana viingie ndani ya jengo, aliwaomba wanaojitolea wavipumzishe majumbani mwao.

Wa kwanza akasema mumewe anakohoa. Wa pili akasema anakohoa mwenyewe. Wa tatu akasema nyumba yake ina unyevu, unyevu ambao haukuwahi kuonekana mpaka siku hiyo. Maboksi yote yakaja kwa Bi Katibu. Yakajaza chumba cha nyuma mpaka karibu na dirisha. Kitanda kilichokuwamo kilifunguliwa, mbao zake zikaegemezwa ukumbini, na kila aliyepita zilimgonga kiwiko. Siku ya mauzo ikatajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena, ikaahirishwa tena.

"Mtu akilazwa, ndugu zake huambiwa atatoka lini," alisema Mzee Rangi, akija mlangoni pekupeku. "Hawa wagonjwa wako hawana hata homa, na kutoka hawatoki."

Bi Katibu alifungua kinywa kumjibu, simu ikalia.

Alikuwa binti yao. Ndiye mziwanda wao, na jina la Kitinda lilimng'ang'ania toka utotoni hadi akaolewa nalo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanong'ona?"

"Niko bafuni." Nyuma ya sauti yake maji yalikuwa yanamwagika, mengi, kama mtu aliyefungua bomba na hana haja nalo. "Mama, chumba changu kipo?"

Bi Katibu alitazama maboksi kuanzia chini mpaka juu.

"Kipo."

"Hakuna mgeni?"

"Mgeni gani na ugonjwa huu? Hakuna mtu."

"Basi nitakuja Jumamosi na mtoto. Baba yake anaondoka na lori alfajiri. Usinipigie, mama. Nitakuja tu."

Simu ilipokatika, mume na mke hawakutazamana. Mwaka uliopita Kitinda alikuja hivyo hivyo, na akakuta chumba chake amepewa mpwa wa Mzee Rangi aliyekuja kutibiwa mguu. Alilala sebuleni chini, na mtoto mchanga kifuani, huku watu wakimruka asubuhi kwenda chooni. Alivumilia kidogo, kisha akakunja mkeka, akasema kwa adabu yake yote, "Nawabana," akarudi kwa mumewe. Bi Katibu alipokwenda kumtembelea baadaye, jino la mbele halikuwapo. Kitinda alisema aliteleza bafuni. Wazazi waliyapokea maneno hayo, maana kuyakataa kungewalazimu kufanya jambo.

"Umemwambia kipo," alisema Mzee Rangi.

"Wewe ungemwambiaje?"

"Ningemwambia kipo." Akajikuna shingo. "Ila mimi ningeona aibu kidogo."

"Akija akakuta hivi, anarudi."

"Najua."

"Akirudi safari hii…"

"Nimesema najua!" alifoka Mzee Rangi, akageuka kuondoka, na mbao za kitanda zikamgonga kiwiko.

*

Kesho yake Bi Katibu alikwenda chuoni kwa miguu. Mlinzi wa lango alimwelekezea kipima joto kwenye paji la uso kama askari anayemwamuru mwizi anyooshe mikono.

"Kitambulisho."

"Wewe! Mimi hunijui?"

"Nakujua sana, Bi Katibu. Barakoa ndiyo siijui." Akapunguza sauti. "Nisamehe, mama. Wametuambia wastaafu ni wageni. Wageni hawapiti mlango mkubwa, zunguka kule kwa magari ya takataka."

Akazunguka kule kwa magari ya takataka.

Mkutubi mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana msomi aliyepewa jengo kubwa wakati mbaya, na alikuwa anaogopa. Alitundika nailoni kuanzia darini hadi mezani, akavaa barakoa mbili, na maneno yake yalifika kama ya mtu aliyejifunika blanketi. Viti vyote vya wageni vilikuwa vimebandikwa alama ya kukataza kukaa.

"Nimekuja kuomba mchukue maboksi," alisema Bi Katibu. "Stoo ya chini iko wazi. Mimi mwenyewe nimeifagia miaka yangu yote hapa."

"Yamemaliza siku zake?"

"Yangekuwa yamemaliza. Jana yaliguswa."

"Na nani?"

"Mume wangu."

"Ana dalili?"

"Za ukaidi, basi."

Mkutubi hakucheka, au kama alicheka, barakoa zilikimeza kicheko hicho.

"Sasa tazama, mama. Boksi lililoguswa haliingii jengoni. Kulihamisha ni kuligusa. Kwa hiyo ni lazima lipumzike kwanza. Na likishapumzika, ukilihamisha…"

"Limeguswa."

"Naona umeelewa."

"Nimeelewa kwamba halitoki kamwe."

"Litatoka siku ya mauzo."

"Lini hiyo?"

"Kamati itakaa."

"Kamati ni mimi, na wewe, na Mwalimu Mstaafu. Mimi nimekwisha kaa." Bi Katibu akatazama viti vilivyobandikwa. "Nimekwisha simama."

"Mama, ndiyo utaratibu."

"Nakihitaji chumba changu. Binti yangu anakuja."

"Likizo?"

Hapo maneno yalimpanda Bi Katibu mpaka mdomoni, yakagota kwenye barakoa. Kijana huyu alimwita mama. Lakini alikuwa pia bosi, na nyuma ya mlango alikaa karani mwenye masikio. Mtu haaniki ukutani kwa jirani nguo za ndani za mwanawe.

"Anakuja na mtoto mdogo," alisema.

Mkutubi alisogeza kiti nyuma. "Mtoto? Kwenye nyumba yenye vitabu vya karantini? Hapana, hapana. Mwambie asije kabisa. Mwambie atulie kwa mumewe, ndiko kwenye usalama."

Bi Katibu alimtazama kupitia nailoni. Uso wa kijana ulikuwa umepindika kidogo kwa mikunjo yake.

"Ahsante," alisema, akatoka.

Njiani kila nguzo ya umeme ilimletea jibu zuri ambalo angeweza kumpa, na hakuna hata moja lililofaa tena.

*

Ijumaa alasiri Mwalimu Mstaafu alikuja kukagua. Alikuwa mzee mwembamba aliyefundisha historia mpaka sauti ikamwisha, na alikuwa na ugonjwa mmoja usio na chanjo: hawezi kuona kitabu bila kukifungua.

"Mikono mfukoni," Bi Katibu alimwambia mlangoni.

"Iko mfukoni."

"Ibaki humo."

Alikaa nayo mfukoni kitambo kidogo. Bi Katibu aligeuka kufungua dirisha, na alipogeuka tena Mwalimu alikuwa amechuchumaa kando ya boksi la mlangoni, miwani imeshuka puani, anasoma.

"Mwalimu!"

"Naangalia tu jalada."

"Jalada liko upande huo wa nyuma wa ukurasa wa arobaini?"

"Bi Katibu, hiki nakitafuta tangu sijaoa!"

"Mzee mwenzangu," alidakia Mzee Rangi kutoka ukumbini, "ukigusa tena nachukua chaki nakuandika tarehe na wewe, upumzike humo humo."

Walikuwa wanafokeana bado pale mwanamke mmoja aliposimama nje ya dirisha. Dirisha la chumba hicho lilitazama uchochoro wa kwendea bombani, na mwanamke huyo alikuwa na ndoo kichwani na watoto wawili nyuma yake.

"Hodi hapo dirishani. Mama, hivyo vitabu mnauza?"

"Tunauza, lakini siku bado."

"Niuzie japo kimoja. Wanangu wako nyumbani tangu shule zifungwe. Wamesoma magazeti ya kufungia nyanya, wamesoma mfuko wa sukari, sasa wanasoma tangazo la kodi mlangoni wananiuliza maana yake. Siku yenyewe lini?"

"Kamati itakaa," alisema Bi Katibu.

Akajisikia akisema. Lilikuwa jibu lile lile, kwa upole ule ule, kutoka nyuma ya nondo badala ya nailoni. Mwanamke aliguna, akaiweka ndoo sawa, akaanza kwenda zake. Hakushangaa. Inaelekea alikuwa ameambiwa hivyo sehemu nyingi.

"Mama wee! Rudi! Ni kesho asubuhi. Hapa hapa dirishani. Waambie na wenzako bombani."

Mwalimu Mstaafu alisimama wima. "Bi Katibu! Kamati…"

"Mimi kamati. Wewe kamati. Wawili kwa mmoja. Unapinga?"

Mwalimu alikitazama kitabu mkononi mwake. "Lakini agizo la siku tatu…"

"Kesho yatakuwa yametimiza, yote isipokuwa hilo boksi ulilolitomasa. Hilo lote ni lako, utalinunua wewe."

"Lote?"

"Lote. Kidole chako kimekuponza."

*

Mzee Rangi alikuwa mchoraji wa mabango kabla mabango hayajaanza kutoka kwenye mashine, na tangu hapo hakuna aliyemtuma kuandika kitu. Jumamosi aliamka mapema. Alichukua ubao wa kitanda, mkewe akapiga kelele, akaurudisha, akachukua ubao mwingine. Akaandika kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi: VITABU. USIGUSE. OMBA UONYESHWE. Kisha akatoka uchochoroni akachora duara nyeupe chini, moja baada ya nyingine, mpaka karibu na bomba.

"Mzee, unachora nini?" aliuliza mpita njia.

"Nyumba za watu. Kila mtu na yake. Ukitoka kwenye yako nakuvunjia."

Watu walikuja wengi kuliko ilivyotazamiwa. Shule zilikuwa zimefungwa, kazi nyingi zimesimama, na hakuna kilichokuwa kikiuzwa karibu zaidi ya sabuni na wasiwasi. Bi Katibu alikaa ndani ya dirisha na glavu zake za kuoshea vyombo, akiinua kitabu kimoja kimoja na kukifungua mbele ya nondo.

"Kina picha hicho?"

"Kina."

"Nione. Hiyo ni nini?"

"Chura."

"Pindua. Na hiyo?"

"Chura yule yule, amepasuliwa."

"Nipe."

"Mimi nataka cha hadithi," alisema aliyefuata. "Hicho chembamba kinaishaje?"

"Nunua ujue."

"Nikinunua nikakuta wamekufa wote?"

"Utakuwa umejua."

Sarafu zilitumbukizwa kwenye karai la maji ya sabuni. Noti zilipitishwa humo humo kisha zikaanikwa kwenye kamba kwa vibanio, zikawa zinapepea juu ya vichwa vya foleni, na watu wakawa wanazitazama kwa heshima kidogo. Kupanga bei ilikuwa kazi ya Mzee Rangi. Hakusoma majina ya vitabu, aliangalia unene.

"Kinene bei nzima, chembamba nusu! Chenye jalada gumu ongeza kidogo, kinafaa hata kuzuia mlango!"

"Mzee, wewe unauza vitabu au mbao?"

"Mbao zinalia ukizipiga misumari. Hivi vimetulia, chukua."

Mwalimu Mstaafu alifika akitoka jasho, akakuta kamusi kubwa ya elimu zote, yenye juzuu zilizojaza boksi zima, imekwisha gawanyika.

"Umeuza juzuu mbili za mwanzo kwa fundi viatu, zilizobaki kwa muuza maji? Sasa fundi viatu akitaka kusoma habari za ugonjwa huu afanye nini?"

"Aende kwa muuza maji. Wanakaa ukuta mmoja."

Hadi kufikia adhuhuri sakafu ilikuwa imeanza kuonekana. Mzee Rangi aliacha bei kwa Mwalimu, akaingia ndani na nyundo, akaanza kuunga kitanda katikati ya maboksi yaliyosalia. Bi Katibu alimsikia nyuma yake akitukana misumari, na kwa mara ya kwanza tangu simu ile ya Jumanne mabega yake yakashuka.

Ndipo gari la chuo likasimama mdomoni mwa uchochoro.

*

Mtu alikuwa amempelekea mkutubi picha kwenye simu. Alikuja anatembea kwa kuruka ruka ili asikanyage duara za watu.

"Bi Katibu! Nani ameruhusu jambo hili?"

"Kamati ilikaa," alisema Bi Katibu.

"Mimi sikukaa! Mali ya chuo inauzwa uchochoroni kama mitumba?"

"Si mitumba hiyo?" alisema mtu wa kwenye foleni. "Ndiyo maana sisi tuko hapa."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilimwumiza mkutubi kuliko kosa lenyewe. Sauti ikampanda. Alisema mbele ya wote kwamba anamjua mwanamke huyu kama mtu wa utaratibu, kumbe siyo. Alisema ndiyo hasara ya kuwaachia wastaafu mambo. Alisema kuanzia dakika hiyo yeye si katibu wa kitu chochote.

Bi Katibu alikuwa amelivaa jina hilo muda mrefu kiasi kwamba wengine hawakujua lingine la kumwita. Alivua glavu kidole kimoja kimoja, na ndani ya nondo zile alionekana kama mfungwa aliyetembelewa gerezani.

"Na fedha ziko wapi?"

"Zinakauka," alisema Mwalimu.

Mkutubi akaanza kuzianua noti mwenyewe. Zilikuwa na unyevu bado, zikamnata vidoleni. Vibanio vikamjaa mkononi hata asijue pa kuviweka, na hakuna aliyempokea. Alikuwa katika hali hiyo aliposikia hatua nyuma yake. Hakutazama vizuri.

"Dada, mauzo yamefungwa. Rudi nyumbani."

Kitinda alisimama pale alipoambiwa, nje ya duara ya mwisho. Alikuwa na barakoa, na miwani myeusi, na kanga kichwani, kiasi kwamba hakuna sehemu ya uso wake iliyobaki ya kuangaliwa. Mtoto alikuwa kiunoni, begi begani. Alitazama watu, ubao mwekundu, mwanamume mwenye vibanio, na mama yake dirishani na maboksi mgongoni.

"Samahani," alimwambia mkutubi. Kisha kwa sauti ya kufika dirishani: "Shikamoo, mama. Naona mna shughuli. Nitakuja siku nyingine."

Akageuka.

Ilikuwa adabu ile ile iliyokunja mkeka. Bi Katibu aliishika nondo. Mlango wa nyumba ulikuwa upande wa pili. Mpaka azunguke, binti angekuwa barabarani, na barabarani magari hayakosekani. Alimwita jina, Kitinda akapunga mkono bila kugeuka. Alimwita mumewe, nyundo ikaifunika sauti yake.

Basi akasema. Alisema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwa mtu aliyefanya kazi maktabani maisha yake yote.

"Msimamishe huyo! Wewe bwana mkubwa, msimamishe! Ndiye binti yangu niliyekwambia! Ana mume anayempiga, amemkimbia, na wewe umemwambia arudi nyumbani! Hapa ndipo nyumbani! Hiki ni chumba chake, na vitabu vyako ndivyo vilivyolala humu badala yake!"

Kitinda alisimama. Aligeuka taratibu, mabega yameinama mbele, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Wanawake wa foleni walitazama vitabu vyao.

"Mama," alisema. "Umenitangaza."

"Nimekutangaza."

"Mbele ya watu wote hawa."

"Mbele yao wote. Nimekosa. Ingia ndani uje unigombeze."

Kitinda alibaki pale, anahema ndani ya barakoa hata kitambaa kikawa kinaingia na kutoka. Alikuwa na hasira, na pengine hasira ndiyo kitu pekee alichofika nacho kikiwa kizima. Akampandisha mtoto kiunoni. Akapita katikati ya duara zote bila kujali ya nani ni ipi, akampita mkutubi akamgonga na begi, akazunguka nyumba kwenda mlangoni.

"Wewe ni mama wa aina gani?" walimsikia akianza kabla hajafika ukumbini. "Ungeenda na redioni basi! Ungeenda na redioni!"

Mzee Rangi alitokea dirishani na nyundo. "Kuna nini? Nani anapiga kelele?"

"Kitinda amefika," alisema mkewe, akifuta macho kwa glavu.

Mkutubi alisimama na noti mbichi mkono mmoja na vibanio mkono mwingine. Alifungua mdomo, na kwa kuwa barakoa zilikuwa mbili hakuna aliyejua alitaka kusema nini. Kisha akazunguka nyumba. Aliingia kwa hodi ya chinichini, akainama, akainua boksi la kwanza kwa mikono mitupu, akalipeleka kwenye gari lake. Akarudi akachukua la pili. Aliendelea hivyo akinung'unika neno utaratibu kila akipita ukumbini, mpaka shati likamganda mgongoni.

"Bi Katibu…" alianza, kwenye la mwisho.

"Mimi si katibu."

"Mama."

"Hilo la mlangoni liache. Limenunuliwa na Mwalimu."

*

Jioni Kitinda alikuwa hajamsemesha mama yake tangu alipomaliza kumgombeza. Alikuwa amekaa juu ya kitanda chake kilichoungwa upya. Mtoto alikuwa chini, anapanga vibanio. Miwani ilikuwa imevuliwa, na wazazi walikuwa wameona walichokiona, na kila mmoja alikuwa ametafuta kazi ya kufanya.

"Baba," alisema Kitinda, "mlango huu una ufunguo?"

"Haujawahi kuwa nao. Nani alikuwa anafungia watoto?"

"Basi. Nilikuwa nauliza tu."

Mzee Rangi alisimama mlangoni kidogo. Akaenda chumbani kwake. Muda si muda ikasikika bisibisi, na matusi, na kitu kikianguka. Alirudi na kitasa cha mlango wake mwenyewe, chenye ufunguo na kipande cha rangi ya mlango kimeng'ang'ania, akaanza kukifunga kwa binti yake. Alikifunga kichwa chini miguu juu.

"Ukitaka kufungua, mkono unaenda juu, hauendi chini," alimwelekeza. "Kila fundi na namna yake."

"Ahsante, baba."

Simu ya nyumba ilipolia mezani, wote watatu walijua ni nani. Bi Katibu alinyoosha mkono, mumewe akamtangulia.

"Naam, mkwe. Sisi hatujambo. Ndiyo, amefika… Hapana, hawezi kuja kwenye simu. Yuko chumbani kwake." Akasikiliza kwa muda mrefu, uso haubadiliki. "Njoo ukitaka, barabara si yangu. Ila uje mchana, majirani wakiwa nje. Sasa hivi mtaa mzima unakufahamu."

Akaiweka simu chini.

Walipokwenda kulala, mlango wao haukufungika. Palipokuwa na kitasa palibaki tundu, na kila upepo ulipopita mlango ulijifungua ukawaonyesha ukumbi.

"Na sisi tutafunga kwa kitu gani?" alilalamika Mzee Rangi.

"Weka kiatu."

"Mwizi akija?"

"Aje akuibe wewe, na mdomo huo? Atakurudisha kabla hajafika bombani."

Alikuwa anakiegemeza kiatu mlangoni pale ufunguo ulipozunguka upande wa pili wa ukumbi, kwa ndani, mara moja, kisha mara ya pili. Wakainua vichwa wote wawili kusikiliza. Kitasa kikajaribiwa. Kilishika.